Bahari ya Chumba cha Kufulia

Jumamosi moja ya Januari, mwaka wa tisini na sita, Imaculata Nandonde alishuka ngazi na kapu la nguo chafu mikononi, sabuni kwapani na sarafu za mashine mdomoni, kwa sababu hapakuwa na mkono wa tatu wa kuzishika. Nje theluji ilikuwa imefika kwenye vioo vya magari, na mtaa mzima wa Minneapolis ulikuwa kimya isipokuwa makoleo ya watu waliokuwa wakijichimbia njia ya kutokea nyumbani kwao. Chumba cha kufulia kilikuwa chini ya ardhi, katika jengo la matofali mekundu karibu na mto, na kilitumiwa na wapangaji wote. Alipofika mwisho wa ngazi, mguu wake uliingia majini hadi kwenye kifundo.

Hakupiga kelele. Alitema sarafu, akaziweka juu ya nguo, akachovya kidole na kuonja. Yalikuwa maji ya chumvi, tena ya vuguvugu. Kaa mdogo alikuwa amepanda juu ya mashine ya kukaushia nguo, ametulia kama mtu anayengoja zamu yake. Kule nyuma ya tangi la maji moto, mahali pa ukuta wa kaskazini, hapakuwa na ukuta. Palikuwa na bahari, na ilikuwa inajaa.

"Sasa mimi nitafua saa ngapi?" alisema Imaculata, kisha akapanda zake juu.

Haikuwa rahisi kumshtua mtu huyu kwa bahari. Alizaliwa Mikindani, kule Mtwara, katika nyumba ambayo ukifungua mlango wa uani unakanyaga mchanga. Alisoma mpaka akavimaliza vyuo vya kwao, akapata nafasi ya udaktari huko Minnesota, jimbo linalojivunia maziwa yake elfu kumi na ambalo halina bahari hata ya dawa. Utafiti wake ulihusu majongoo bahari, wale viumbe wanene wanaolala mchangani kama soksi iliyosahauliwa, na ambao wafanyabiashara huwakausha na kuwauza mbali kwa bei ya kushangaza. Kabla hajaondoka nyumbani alikuwa amewapima uzito mamia yao na kuwachora kila mmoja alama yake mgongoni. Sasa alitakiwa awaone walewale, awapime tena mpaka bamvua kubwa la Machi, siku ambazo maji hutoka mbali kuliko siku zote za mwaka. Bila vipimo hivyo hapakuwa na udaktari. Ruhusa yake ya masomo ilikuwa inakwisha Juni, na msimamizi wake, Profesa Susan, alishamwambia wazi kwamba haitaongezwa.

Chuoni palikuwa na mfuko wa safari. Ulikuwa umeachwa na mjane mmoja wa mwenye kinu cha unga, bibi aliyeiona bahari mara moja tu maishani mwake na akakaa akiizungumzia mpaka kufa. Aliusia kwamba mali yake iwapeleke baharini wanafunzi wa udaktari wanaoichunguza. Imaculata aliomba. Ijumaa, siku moja kabla ya yale maji, mwenyekiti wa mfuko, Profesa Martin, alimwita ofisini kwake. Alikuwa mtu mpole, mwenye tai yenye picha za samaki, na alionekana kuumia kweli.

"Utafiti wako ni mzuri kuliko yote tuliyopokea," alisema. "Lakini mfuko unampeleka mtu baharini. Wewe, Imaculata, tungekuwa tunakupeleka nyumbani."

"Bahari iko nyumbani, Profesa."

"Hilo ndilo tatizo lenyewe," alisema, akamsogezea sahani ya biskuti.

Mwaka uliotangulia mfuko huohuo ulimpeleka Rodney, kijana wa Saint Paul aliyekaa meza ya pili katika ofisi ya wanafunzi. Ulimpeleka Mikindani. Alichunguza nyasi za baharini, akalala nyumbani kwa mama yake Imaculata, akalishwa asubuhi, mchana na jioni, akarudi amenenepa, na korosho mfuko mzima, na picha zake akiwa na mama huyo wamekumbatiana wanacheka. "Mama anakusalimu sana," alimwambia Imaculata, kwa Kiswahili, na kwa furaha isiyo na hila. Imaculata alikuwa hajamwona mama yake kwa miaka mitatu. Alishukuru, akala korosho mbili, akaenda chooni, akafungulia bomba na kulia.

Hayo ndiyo yaliyotangulia. Turudi kwenye maji.

Msimamizi wa jengo alikuwa Stacy, mama wa makamo aliyekuja kila siku kwa gari lake la mizigo kutoka Blaine. Alikuja na pampu na buti ndefu, akaiwasha pampu, akayaangalia yale maji kwa muda, akaizima.

"Hili si bomba lililopasuka," alisema.

"Si bomba," alikubali Imaculata.

"Ni tofauti kidogo," alisema Stacy, na watu wa jimbo lile wakisema hivyo basi wamemaliza. "Mradi yasipande ngazi."

Siku ileile alizipandisha mashine zote juu ya matofali ya saruji na kuzifunga nyaya zake darini. Mpangaji mmoja wa ghorofa ya pili alikumbusha kwamba mkataba wa pango unakataza mgeni kulala zaidi ya wiki mbili. Stacy alimjibu kwamba bahari hailali.

Wiki ya kwanza ilikuwa ya tabu kidogo, kwa kuwa bahari ilikuwa bado inafuata saa za Mtwara. Ilijaa watu wakiwa usingizini na kupwa kabla hawajaamka, na nguo zilizoachwa kwenye mashine zilikutwa na mchanga. Lakini kila mtu aliyetoka mbali kwa ndege anaijua hali hiyo, na hakuna aliyeilaumu. Kufikia mwisho wa wiki ilishazoea. Stacy akabandika mlangoni ratiba ya kujaa na kupwa, na wapangaji wakajifunza kufua maji yanapotoka. Walikuja kugundua kwamba mashuka yanayofuliwa saa hizo yana harufu nzuri, na wengine wakaacha kununua sabuni ya bei.

Maji yalipopwa, sakafu ya saruji iliendelea. Ilipita mahali pa ukuta, ikageuka mchanga, na mchanga ukaenda mpaka macho yalipochoka. Juu yake palikuwa na jua la asubuhi, ingawa nje Minneapolis ilikuwa chini ya wingu la theluji. Imaculata alishuka na kanga kiunoni, mizani begani, na fremu yake ya mraba aliyoiunga kwa mabomba ya plastiki. Hakwenda mbali. Karibu na mashine ya kwanza alimkuta jongoo bahari amejizika nusu. Alimnyanyua, akampangusa mchanga, akaiona alama mgongoni. Ilikuwa mwandiko wake mwenyewe.

"Na wewe umekuja?" alimwuliza. Jongoo alimrushia maji usoni, kama wafanyavyo wakishikwa. Imaculata alicheka peke yake katikati ya ule ufuko, akacheka mpaka mizani ikamwanguka, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kucheka namna ile tangu afike Marekani.

Aliyekaa naye fleti moja alikuwa Wambui, Mkenya kutoka Nyeri, aliyefanya kazi ya uuguzi katika nyumba ya wazee. Alirudi kazini siku hiyo, akashuka chini akiwa bado na sare, akavua viatu na kuingiza miguu majini.

"Haki, Imma, hii ndio kitu miguu yangu imekuwa ikiuliza," alisema. "Ni ya wapi?"

"Ya kwetu, Mikindani."

"Na ikaamua tu kukam? Bila hata kupiga simu?"

"Bila simu."

Wambui alifikiri kidogo. "Basi huyo ni mgeni wako. Tutampikia nini?"

Kwa wageni, watu wa Afrika Mashariki waliokuwa katika ile miji pacha, Minneapolis na Saint Paul, walikuwa na uzoefu wa kutosha. Hakukuwa na fleti ambayo haijapata kumpokea mtu aliyekuja kwa wiki mbili akakaa mpaka akapata kazi, gari na mke. Alilalia kochi, akala chakula, akatumia simu. Watu walinung'unika jikoni, walinung'unika kwenye magari, lakini jambo moja halikufanywa na yeyote mwenye wazazi: kumwuliza mgeni ataondoka lini. Kwa hiyo hata bahari haikuulizwa. Iliambiwa karibu, ikatengewa chumba cha kufulia, mambo yakaendelea.

Habari zilienea upesi, maana Wambui alikuwa na simu na ndugu wengi. Jumamosi magari yalianza kuja kutoka Eden Prairie, kutoka Woodbury, kutoka Blaine, yamejaa watoto waliovaa makoti mazito juu ya nguo za kuogelea. Watoto waliambiwa kwa Kiswahili wasiende mbali, wakajibu kwa Kiingereza kwamba wamesikia, wakaenda mbali. Akina mama walikaa kwenye ngazi na chupa za chai. Mwanamke mmoja wa Lamu, ambaye kwa miaka sita alikuwa akiwaambia watu kwamba hana hamu tena ya kwao, alikaa majini na nguo zake zote, hakuna aliyemsemesha, na alipotoka alikuwa anaimba.

Mzee Elkanah alikuja pia. Alikuwa mhasibu siku za kazi na mzee wa kanisa la Wakenya siku ya Jumapili, mtu wa tai hata kwenye mazishi ya paka. Kanisa lake lilikuwa likibatiza katika bwawa la kuogelea la kukodi, lenye dawa inayowasha macho.

"Binti yangu," alimwambia Imaculata, "tungeomba ruhusa ya mgeni wako. Hawa watu wetu wanatoka kwenye ubatizo na macho mekundu kama walevi."

Imaculata alisema haoni kama mgeni atakataa. Jumapili hiyo watu wanane walibatizwa kati ya mashine za kufulia, kwaya ikapanga sauti nne kwenye ngazi, na wapangaji wa ghorofa ya kwanza, Walutheri watulivu, walifungua milango ili wasikie vizuri. Kisha wakaleta kahawa.

Katikati ya furaha hiyo yote Imaculata alifanya kazi. Kila maji yalipotoka alishuka, akatafuta alama, akapima, akaandika. Profesa Susan alikuja na lenzi yake, akazichunguza alama za majongoo mmoja baada ya mwingine, akasema alama ni alama, na kwamba hajaona sheria ya chuo inayosema bahari lazima iwe wapi. Kufikia mwisho wa Februari lilikuwa limebaki bamvua la Machi tu. Ndilo lililokuwa la lazima, kwa sababu majongoo wakubwa hukaa mbali, na ni siku hizo pekee wanapofikika kwa miguu.

Ndipo Profesa Martin alipotaka kuja kukagua. Wasia wa yule bibi, alieleza, unaitaka kamati iijue kila bahari inayoweza kumfaa mwanafunzi. Alikuja Alhamisi mchana, akakung'uta theluji kwenye viatu, akasalimiana na kila aliyemkuta. Wambui alimsubiri juu ya ngazi.

"Prof, uliza kitu yoyote unataka," alimwambia kwa Kiingereza kilichonyooka, huku amesimama katikati ya njia. "Isipokuwa moja. Usiulize itaondoka lini. Hiyo kwetu ni kumfukuza mtu."

"Naelewa kabisa," alisema profesa. Bila shaka aliamini kwamba ameelewa.

Kule chini alikuwa mtu mwingine. Alivua viatu na soksi, akakunja suruali, akaenda kwenye maji kama mtoto aliyeruhusiwa. Aliokota kombe, akalitazama, akalirudisha palepale. Alimshika jongoo vizuri, kwa mikono miwili, na Imaculata akampenda kidogo kwa hilo. Kisha akageuka, maji yakiwa magotini, uso umemng'aa.

"Ni nzuri sana," alisema. "Na mnadhani itakuwepo mpaka lini? Nauliza kwa ajili ya mipango ya mwaka ujao tu."

Wambui alifumba macho. Maji yalisimama. Hayakupiga wimbi wala kutoa sauti. Yaliondoka polepole, kwa heshima, kama mtu anayechukua koti lake bila kuaga ili asiwaaibishe wenyeji. Yalipita chini ya mashine, yakapita tangi, na nyuma yake ukuta wa kaskazini ukarudi mahali pake, na rangi yake ya zamani iliyobanduka. Profesa Martin alibaki amesimama pekupeku kwenye saruji kavu.

"Nimesema jambo?" aliuliza.

Kesho yake alileta bakuli kubwa la tambi zilizookwa kwa supu ya kopo, na viazi vya kukaanga juu, ambayo ndiyo namna ya kuomba radhi huko. Ilikuwa tamu na ililiwa yote. Maji hayakurudi.

Imaculata hakulia safari hii. Aliogopa, na woga ulimnyima chakula. Bamvua lilikuwa limebakiza wiki tatu. Mzee Elkanah aliitisha kikao kwenye fleti yao, akaomba dua aliyoiita fupi, na watu wakatoa maoni. Mmoja alisema waimbe mbele ya ukuta. Mwingine alisema profesa aletwe kwa nguvu apige magoti. Wambui alisema waache mambo mengi, wapige simu kwa mwenye bahari. Walichanga kadi za simu, wakapiga parokiani Mikindani, wakangoja mama aitwe, wakamsikia anakuja anahema.

"Mama, shikamoo," alisema Imaculata. "Bahari ilikuwa kwetu huku. Imenuna, imeondoka."

"Kumbe ilikuwa kwenu!" alisema mama. "Ndiyo maana huku maji yalikuwa yanachelewa. Wazee walisema labda imekwenda kumwona mtoto. Nani kaiudhi?"

Imaculata alimweleza. Mama alisikitika, akauliza kama huyo profesa hana mama yake. Kisha akasema, "Msiikimbilie. Babu yako aliwahi kununa akakaa Lindi miezi miwili. Nikawa namtengea sahani yake kila siku, naiweka pale pale kama vile yupo. Siku moja akaingia, akanawa, akala. Hatukusemeshana habari hiyo tena. Unakula lakini, wewe?"

"Nakula, mama."

"Muongo. Sauti yako imekonda."

Basi wakatenga sahani. Ratiba ilibaki mlangoni, na Stacy akaendelea kuibadilisha kila wiki bila kuambiwa. Wapangaji walifua saa za maji kutoka, ingawa hayakuwepo ya kutoka. Kijana mmoja mgeni kwenye jengo alishuka na nguo zake saa ya kujaa, akaikuta sakafu kavu na mashine zote wazi, akataka kufua; Stacy alimkalisha kwenye ngazi na gazeti mpaka yatoke. Jumamosi akina mama walikuja na chupa zao za chai. Watoto walikunja suruali, wakaambiwa wasiende mbali, wakaenda mpaka ukutani.

Imaculata alishuka kila maji yalipopaswa kupwa. Aliiweka fremu yake juu ya saruji, akaichungulia kwa uangalifu uleule, akaandika: hakuna. Akaisogeza, akachungulia tena: hakuna. Siku ya tatu Rodney alikuja kumsaidia, kwa sababu alikuwa amesikia na kwa sababu ofisini alikuwa anaona haya kukaa meza ya pili. Alivua viatu ngazini. Alimshikia ncha ya utepe wa kupimia kutoka tangi mpaka kwenye kitundu cha maji machafu.

"Hapa pia hakuna?" aliuliza kwa Kiswahili chake.

"Hakuna. Lakini tunza miguu, usimkanyage mtu."

Rodney akatazama chini, akainua mguu, akauweka pengine.

Asubuhi ya kwanza ya bamvua walishuka wawili hao na mizani, na wote wawili hawakuwa wamelala vizuri. Ukuta haukuwepo. Maji yalikuwa yametoka mbali kuliko walivyowahi kuona, na mchanga ulimetameta mpaka upeo, na jua lilikuwa palepale pa saa nne. Majongoo wakubwa, wale wa mbali, walikuwa wamesogea wenyewe. Walikuwa wamejipanga karibu na mashine za kukaushia, alama juu.

Imaculata aliweka mizani chini. "Karibu," aliiambia bahari, wala hakuongeza neno, maana ndivyo alivyofundishwa. Kisha akapiga kelele kuita watu.

Walikuja wote. Wambui, aliyekuwa ametoka kazini usiku huo na alipaswa kulala, alichukua kazi ya kutaja uzito kwa sauti kuu, akawapa na majina majongoo waliompendeza. Mzee Elkanah alikunja suruali, akaitupa tai yake begani, akawa anawabeba mmojammoja kwa mikono miwili kama anawapeleka kubarikiwa. Watoto waliwarudisha mchangani. Rodney alishika utepe. Wapangaji wa ghorofa ya kwanza walileta kahawa na wakarushiwa maji usoni, wakasema ni tofauti kidogo. Siku zote za bamvua ilikuwa hivyo, na mpaka linaisha hakuna jongoo mwenye alama aliyekuwa hajapimwa. Matokeo yalikuwa wazi kama mchana: palipoachwa bila kuvunwa walinenepa, palipovunwa waliobaki walikonda, na mstari uliotenganisha hayo mawili Imaculata aliweza kuuchora kwa kidole mchangani.

Aprili kamati ya mfuko ilikutana. Imaculata alikuwa ameomba tena. Aliomba aende Mikindani kuyapeleka matokeo kwa wanawake wanaovuna ufuko ule, waone wenyewe palipokonda. Profesa Martin alimpokea kwa uchangamfu, akiwa na tai mpya ya pweza.

"Kwanza habari njema," alisema. "Kamati imeitambua rasmi ile bahari ya chumba chenu. Kuanzia kiangazi tutapeleka mwanafunzi."

"Na ombi langu la Mikindani?"

"Mikindani ni nyumbani kwako," alisema kwa huruma.

"Basi nitumeni kwenye hiyo ya chumba cha kufulia. Kuna maswali mengi bado."

Profesa alimtazama kama mtu anayelazimika kumpa mgonjwa habari aliyokwisha kuijua. "Imaculata, unaishi juu yake."

"Kwa hiyo kule ni nyumbani, na hapa pia ni nyumbani."

"Hongera," alisema profesa, kwa moyo safi kabisa. "Si watu wengi wenye bahati hiyo."

Imaculata alitoka na hasira hadi kwenye kituo cha basi. Huko kituoni, kwenye upepo unaokata masikio, kicheko kilimshika, akashindwa kukizuia, na bibi mmoja aliyekuwa anangoja basi akacheka naye bila kuuliza.

Mei alijibu maswali ya watahini saa mbili nzima, na alipotoka nje alikuwa daktari. Profesa Martin ndiye aliyetia saini kwanza, na aliuliza swali zuri kuliko wote. Wambui alipiga vigelegele kwenye korido ya chuo mpaka milango ikafunguka. Chini, siku hiyo, bahari ilijaa nje ya ratiba, ikafika ngazi ya pili, na Stacy akajifanya hakuona. Ruhusa ya masomo haikuongezwa, lakini kwa kuwa alishahitimu Imaculata akapewa nyingine ya mwaka mmoja, kwa sharti kwamba apate kazi.

Juni Rodney aligonga mlango. Alikuwa ametoka Saint Paul kwa basi namba kumi na sita, safari isiyotosha kumaliza gazeti, akiwa na sanduku kubwa, buti mpya za mpira, kofia ya jua na chandarua. Mfuko ulilipia vyote, pamoja na dawa za malaria, kwa kuwa utaratibu ni utaratibu. Ulimpangishia pia fleti ya mkabala, miezi mitatu. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni.

"Shikamoo, Daktari," alisema.

"Marahaba. Ingia, kuna wali."

Alikula, akashukuru, akaongezewa, akala. Kisha akaweka kijiko chini na kusema kwamba kuna jambo. Mfuko haumruhusu mtafiti kufanya kazi peke yake mahali pa ugenini. Unamlipia msaidizi mwenyeji, mtu wa pale pale anayeijua sehemu, na amefikiria sana, na hajui mtu mwingine wa kumwomba.

"Na huyo mwenyeji anafanya nini?" aliuliza Imaculata.

Rodney alisema, akiitazama sahani, "Anamwonyesha mtafiti bahari ilipo."

Wambui, aliyekuwa kwenye kochi, aliinua gazeti likamfunika uso, na gazeti likaanza kutetemeka. Imaculata alicheka naye, muda mrefu, kicheko ambacho mwishoni kilimuuma mbavu na mahali pengine pia. Alipomaliza aliangalia saa ya ukutani, akaifunga kanga yake kiunoni, akakubali kazi. Maji yalikuwa yameshaanza kutoka, na majongoo hawangojei kikao. Daktari Imaculata Nandonde alitangulia kwenye ngazi, pekupeku, na mtafiti akamfuata nyuma na buti zake mpya, akiuliza kama ni mbali.